Statini na nyuzi za seli za PC12: hotuba kwa wanaoanza kazi ya maabara

Walimu wangu, ndugu watafiti, na ninyi vijana mnaoingia chumba cha seli kwa mara ya kwanza mwaka huu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Leo tunazungumzia dawa za kupunguza kolesteroli, zile ziitwazo statini, na jinsi zinavyobadili ukuaji wa seli zinazofanana na seli za neva. Naomba nianze na kile ambacho jicho hukutana nacho. Umepanda seli kwenye sahani, umetia simvastatini, umerudi kesho yake na kuinamia hadubini. Jana seli zilikuwa duara, zimeshikamana kama punje za kunde zilizomwagika mezani. Leo ni chache zaidi, zimetawanyika, na nyingi zimetoa nyuzi nyembamba ndefu. Moyo unadunda: dawa imezigeuza kuwa neva!

Tulia kwanza. Uzi huo unaweza kuwa umeota kweli. Unaweza pia kuwa ni mabaki tu, kwamba seli imenywea ikielekea kufa, mwili wake umerudi ndani, na sehemu zilizokuwa zimeganda kwenye sahani zimebaki nyuma kama kamba ya mashua iliyoachwa gatini. Kwa picha moja iliyopigwa saa ya 24, mambo haya mawili hufanana kama pacha. Nitakayosema yote yanahusu namna ya kuwatenganisha pacha hao, kwa sababu kutowatenganisha kumewapotezea watafiti wengi miezi ya kazi.

Kwanza tuijue dawa yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Akira Endo wa kampuni ya Sankyo nchini Japani alichunguza aina za kuvu zipatazo 6000 akitafuta kitu cha kuzuia mwili usitengeneze kolesteroli, ile ambayo wauguzi wetu huiita lehemu. Alikipata kwa kuvu aitwaye Penicillium citrinum, na kitu hicho kikaitwa kompaktini, au mevastatini. Baadaye ikaja lovastatini kutoka kuvu mwingine, Aspergillus terreus, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1987. Simvastatini ni lovastatini iliyobadilishwa kidogo kikemia. Zote huziba kimeng'enya kimoja, HMG-CoA redaktesi, ambacho kazi yake ni kutengeneza mevalonati.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Watu wakisikia "dawa ya kolesteroli" hudhani kila linaloonekana kwenye seli limeletwa na upungufu wa kolesteroli. Mevalonati haiendi kwenye kolesteroli peke yake. Hesabu kaboni zake. Mevalonati ina kaboni 6. Ikipoteza moja inakuwa tofali la kaboni 5. Matofali matatu yakiunganishwa unapata farnesili pairofosfati, yenye kaboni 15, ambayo tutaiita FPP. Ukiongeza tofali la nne unapata jeranilijeranili pairofosfati, kaboni 20, yaani GGPP. FPP mbili zikiungana zinatoa skwalini ya kaboni 30, na kutoka hapo, baada ya hatua nyingi, ndipo kolesteroli ya kaboni 27 inapatikana. Kwa hiyo ukiziba juu, chini kunakauka kila kitu: kolesteroli, FPP, GGPP, na hata dolikoli inayotumika kuzipamba protini kwa sukari, na yubikwinoni ya mitokondria.

FPP na GGPP ni mikia ya mafuta. Seli huibandika kwenye protini ndogo ili protini hizo ziweze kutia nanga kwenye utando. Ras hubandikwa mkia wa kaboni 15. Rho, Rac na Cdc42 kwa kawaida hubandikwa mkia wa kaboni 20. Bila mkia, protini inaelea ndani ya seli haina pa kushika, na kwa hiyo haifanyi kazi yake. Katika seli ya neva, RhoA pamoja na kimeng'enya chake ROCK ndiyo breki: hukaza nyuzi za aktini, protini ya kiunzi cha ndani ya seli, na kuivuta ncha inayokua irudi nyuma. Rac na Cdc42 ndizo zinazoisukuma mbele. Mnaona basi shida ilipo. Statini inalegeza breki, na papo hapo inanyima injini mafuta. Kipi kitaonekana kwanza? Hilo linategemea kiasi, muda na aina ya seli, na ndiyo maana maandishi ya fani hii yanaonekana kugombana. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba kuzuia HMG-CoA redaktesi kunazifanya neva zipoteze nyuzi, na sababu ikatajwa kuwa ni kukosekana kwa GGPP. Mwaka 2005 watafiti wa Hispania wakaonyesha kwamba lovastatini inazifanya seli za PC12 zijipambanue, na wakalihusisha jambo hilo na kulala kwa RhoA na ROCK. Mwaka 2006 ikaja nyingine iliyosema pravastatini inaongeza nyuzi kwenye neva za hipokampasi, sehemu mojawapo ya ubongo. Mie siamini kwamba hapo kuna mtu aliyedanganya. Wote walikuwa wakiangalia njia moja ya kemia, kila mmoja kutoka kwenye sahani yake.

PC12 ni seli gani? Zilitangazwa mwaka 1976 na Lloyd Greene na Arthur Tischler, kutoka uvimbe wa tezi ya adrenali ya panya, ile tezi inayokaa juu ya figo. Zikiachwa zenyewe hugawanyika tu. Zikipewa NGF, kichocheo cha ukuaji wa neva ambacho Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, huacha kugawanyika na kuotesha nyuzi. Huko ndiko tunakokuita kujipambanua: seli inaacha ujana wa kuzaliana na kujikita kwenye kazi moja. NGF hushika kipokezi TrkA, ishara inapita kwa Ras, kisha Raf, MEK, mpaka ERK, na ERK ikibaki imewaka kwa saa nyingi seli inaelekea kuwa neva. Kumbukeni Ras nayo ina mkia wa FPP. Ukitia statini nyingi pamoja na NGF unaweza kuikata ishara ya NGF yenyewe.

Tuingie jikoni. PC12 hukuzwa kwenye RPMI 1640, chakula cha majimaji cha seli, yenye seramu ya farasi asilimia 10 na seramu ya ndama asilimia 5, nyuzi joto 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Hazishiki plastiki tupu vizuri, zinataka sahani iliyopakwa kolajeni, kama mikrogramu 5 kwa sentimita ya mraba. Zinapenda kushikana vichaka. Zipitishe polepole kwenye sindano ya geji 22 mara tano au sita kabla ya kuzihesabu, vinginevyo utahesabu vichaka ukidhani ni seli. Panda seli 10,000 kwa kila sentimita ya mraba, ziache usiku mmoja zishike, kisha zihamishie kwenye chakula chenye seramu ya farasi asilimia 1. Kikundi cha NGF kipe nanogramu 50 kwa mililita na ubadilishe chakula kila baada ya siku mbili. NGF hunata kwenye plastiki, kwa hiyo akiba yake iwekwe na albumini asilimia 0.1, na isigandishwe na kuyeyushwa mara kwa mara.

Seramu hiyo ina mtego. Imebeba kolesteroli. Ukiwa na seramu asilimia 15 seli inaweza kujichotea kolesteroli ya nje, lakini GGPP haichoti humo kwa kiasi cha kuitosha. Ukishusha seramu hadi asilimia 1 unabadilisha mambo mawili kwa mpigo: kolesteroli inapungua na seli inapata njaa. Njaa pekee inaweza kuziotesha nyuzi seli za Neuro-2a, seli nyingine za maabara zinazofanana na neva. Basi kisima, yaani kishimo kimoja cha sahani, kisicho na dawa lazima kiwe na seramu ileile, siku ileile, kutoka chupa ileile. Na PC12 zilizopitishwa kutoka chupa hadi chupa mara nyingi mno huanza kuotesha nyuzi zenyewe bila kuulizwa. Zikifika hapo, yeyusha akiba mpya, usizihurumie.

Dawa nayo ina namna yake. Simvastatini na lovastatini huja zikiwa zimefungwa pete, na pete hiyo haimzibi redaktesi. Ndani ya mwili hufunguliwa zaidi na ini, ila kwenye sahani hakuna ini. Kwa hiyo tunaifungua wenyewe. Pima miligramu 4 za simvastatini, yeyusha kwenye mikrolita 100 za ethanoli. Ongeza mikrolita 150 za hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 N. Weka kwenye nyuzi joto 50 kwa saa mbili. Kisha shusha pH hadi 7.0 au 7.2 kwa asidi hidrokloriki, tone kwa tone, na ujaze maji safi hadi mililita 1. Hapo una takribani milimola 9.6. Ichuje kwa kichujio cha mikromita 0.22, igawe kwenye vichupa vidogo, na uiweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Kosa linalorudiwa sana ni kwenye tone la asidi. Mtu ana haraka, anamwaga, pH inashuka mpaka 4, na mchanganyiko unageuka mweupe kama maji ya mchele. Pete imeanza kujifunga tena na dawa inaganda. Ukichuja mchanganyiko huo, dawa inabaki kwenye kichujio na unachowapa seli ni maji ya chumvi. Halafu unaandika "hakuna athari". Ukiona weupe, anza upya. Kosa lingine, na nimeambiwa linafanyika kwa nia njema kwa kubana matumizi, ni kusaga vidonge vya duka la dawa. Kidonge kina laktosi, stearati ya magnesiamu, rangi na vijazio vingine ambavyo hujavipima. Nunua poda safi, au usifanye jaribio hilo kabisa.

Usijaribu kuchota nusu mikrolita ya akiba na kuitia moja kwa moja kisimani. Pipeti haiko sahihi hapo, na tone lenye ukali wote litaua seli zilizo chini yake kabla halijachanganyika. Tia mikrolita 10 za akiba kwenye mikrolita 990 za chakula, kisha chukua mikrolita 50 za huo mchanganyiko na mikrolita 450 za chakula. Hapo una karibu mikromola 10. Fanya ngazi: 0.1, 0.3, 1, 3, 10, 30. Seli zenu zitawaambia wenyewe nyuzi zinaanzia wapi na mauti yanaanzia wapi, na mara nyingi ngazi hizo mbili ziko jirani sana. Kisima linganishi kipewe ethanoli na chumvi ileile iliyopitia moto uleule na asidi ileile, siyo chakula kitupu.

Sasa kuhesabu. Uzi ni kile kinachozidi kipenyo cha mwili wa seli. Wapo wanaodai kizidi mara mbili, na mimi nawaunga mkono kwa PC12 kwa sababu vijikucha vifupi vimejaa. Hesabu angalau seli 200 kwa kila kisima, kwenye maeneo yaliyochaguliwa kabla hujaangalia, na anayehesabu asijue kisima kina nini. Na tafadhali toeni namba mbili, siyo moja: asilimia ya seli zenye nyuzi, na idadi ya seli zilizobaki. Nusu ya seli zikifa na kung'oka, asilimia itapanda hata kama hakuna uzi mmoja mpya, kwa kuwa zisizoshika vizuri ndizo zinazotangulia kuondoka. Kipimo cha MTT, kinachopima uhai wa seli kwa rangi, hakitakuokoa peke yake. Seli zilizoacha kugawanyika na seli zilizokufa zote hutoa rangi hafifu. Ongeza tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa, au pima LDH, kimeng'enya cha ndani ya seli, iliyovuja kwenye chakula.

Kati ya vipimo vyote, ningekuwa na nafasi ya kimoja tu ningechagua picha mfululizo. Weka sahani kwenye hadubini yenye joto, piga picha kila baada ya dakika 10 kwa saa 24, uweke alama kwenye ncha ya uzi, kisha uangalie. Uzi uliooteshwa, ncha yake husonga mbele, inasita, inageuka, inasonga tena. Ni bapa na pana kuliko uzi wenyewe, ina vidole vidogo vinavyopapasa sakafu. Mwili wa seli umebaki mnene. Uzi wa mabaki, ncha imesimama palepale ilipokuwa jana na mwili ndio unaorudi nyuma, unang'aa na kuwa mdogo, na kati yao uzi unazidi kuwa mwembamba mpaka ukatike. Ukikosa hadubini ya joto, paka kingamwili ya tubulini ya beta-III na ya GAP-43, protini mbili za nyuzi za neva. Uzi wa kweli una tubulini kutoka shina hadi karibu na ncha. Mabaki huwa na aktini zaidi, tubulini kidogo au hakuna.

Ukisharidhika kwamba nyuzi ni nyuzi, uliza sababu, na sababu huthibitishwa kwa kurudisha kilichoondolewa. Pamoja na statini tia mevalonati mikromola 200. Kila kitu kikirudi kama kawaida, basi dawa ilifanya kazi kupitia redaktesi na siyo kwa sumu nyingine. Mevalonati nyingi huuzwa zikiwa pete, nazo zinataka kufunguliwa kwa hidroksidi vilevile. Kisima kingine kipe GGPP mikromola 5 hadi 10, kingine FPP, kingine skwalini au kolesteroli. GGPP ikifuta nyuzi na skwalini isifute, umeiona Rho, hujaiona kolesteroli. Ila GGPP huja ndani ya methanoli na amonia. Amonia hiyo hubadilisha pH ya kisima kidogo na methanoli haizipendezi seli. Lazima kuwe na kisima chenye methanoli na amonia peke yake. Ukikisahau kisima hicho, mtu mwenye macho makali atauangusha utafiti wako wote kwa swali moja, na atakuwa na haki.

Kwa kulinganisha, tia kizuizi cha ROCK kiitwacho Y-27632, mikromola 10, kwenye kisima cha pembeni. Chenyewe hubadili umbo la seli ndani ya saa moja au mbili, kwa sababu kinailegeza breki moja kwa moja. Statini haiwezi kuwa na kasi hiyo. Protini zilizokwisha kubandikwa mikia hubaki na mikia yao mpaka zizeeke na kuvunjwa, kwa hiyo tarajia nusu siku hadi siku nzima. Ukiona seli zimebadilika dakika 30 baada ya kutia simvastatini, usishangilie. Angalia ethanoli yako, angalia pH.

Jambo moja linalowachanganya hata wazoefu: ukipima Rho iliyo "hai", ile iliyoshika GTP, molekuli ndogo inayoiwasha, unaweza kuikuta imeongezeka baada ya statini. Mtu anasema basi nadharia imekufa. Haijafa. Rho isiyo na mkia inaweza kushika GTP ikiwa inaelea, na ikielea haiwafikii washirika wake walioko kwenye utando. Kwa hiyo pima kazi yake, usipime GTP pekee. Tenganisha utando na maji ya seli uone RhoA iko upande gani, na upime fosfati kwenye MYPT1, protini ambayo ROCK huigusa. Kingamwili inayotambua Rap1A isiyo na mkia, protini nyingine ndogo ya kundi hili, nayo ni shahidi mzuri kwamba dawa imefika.

Najua swali linalokuja, kwa sababu wengi wenu mna wazazi wanaomeza atorvastatini au simvastatini kila usiku. Je, dawa hii inaotesha au inaua neva za mama? Sahani haijibu swali hilo. Kwenye damu ya mgonjwa statini hupimwa kwa nanomola, na sehemu kubwa yake imeshikwa na protini. Sisi tunatumia mikromola. Ubongo hutengeneza kolesteroli yake wenyewe na haupokei ile ya damu. Na pale ambapo matumaini ya sahani yalipelekwa kwa watu, majibu yamekuwa ya kunyenyekea. Katika jaribio la MS-STAT la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 140 wa sklerosisi sambazi (ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo) iliyofikia hatua ya pili walifuatiliwa kwa miaka miwili. Simvastatini miligramu 80 kwa siku ilishusha kasi ya kusinyaa kwa ubongo kutoka asilimia 0.584 kwa mwaka hadi 0.288. Watu walifurahi, na walikuwa na sababu. Likaja MS-STAT2 lenye wagonjwa 964, na mwaka 2024 likatangazwa kwamba dawa haikupunguza kasi ya ulemavu. Kwa hiyo mzazi aendelee na kidonge chake kwa ajili ya moyo kama daktari alivyomwagiza, na akihisi ganzi miguuni amwambie daktari huyohuyo, asisubiri sahani zetu.

Pale nyuma ya ukumbi kuna hadubini tatu. Seli zote ni PC12, zimehifadhiwa kwa paraformaldehidi asilimia 4 na kupakwa tubulini ya beta-III. Kisima kimoja ni NGF ya siku tano, kimoja ni simvastatini mikromola 10 ya saa 48, na kimoja ni simvastatini hiyohiyo pamoja na GGPP. Lebo zimezibwa kwa karatasi. Angalieni ncha za nyuzi kwanza, kisha unene wa mwili, mwandike majibu yenu kabla ya kusemezana, halafu tutabandua karatasi pamoja.